Ndoo ya Koki

Miaka kumi na mmoja Baba Nyemo alikuwa honi.
Honi ya lori pale Kizota, saa nane usiku,
mkungu wa ndizi kutoka Ngara,
shati linalonuka dizeli,
na keshokutwa yake, vumbi.
Hivyo ndivyo nilivyompenda: kwa kumsubiri.
Sikujua kama kuna namna nyingine.

Kisha mpaka wa Rusumo ukabana,
tajiri akayalaza magari yadi,
shule zikafungwa,
na ndoo ya koki ikasimama mlangoni kwetu
kama ndiyo mwenye nyumba.

Vyumba viwili, watu watano, mmoja mama mkwe.

Akaanza kukagua.
Kwa nini chumvi inakaa juu ya kabati?
Kwa nini mlenda kila siku?
Kwa nini huyu mtoto anaandika kwa kushoto?
Ana miaka tisa, Baba Nyemo.
Tangu ashike kalamu anaandika hivyo.
Akanyamaza. Akaenda kunawa.

Lamek, wa mwisho, alimwita anko
mpaka wiki ya tatu.

Siku ya sukari nitaisema,
maana hata nyumba ya pili walisikia.
Kijiko kimoja tu, alichoongeza bila kuuliza,
nami nikakipigiza kikombe ukutani.
Chai ikateremka taratibu juu ya kalenda,
ikalowesha Aprili, ikaingia Mei.
Watoto wakatazama vidole vya miguu yao.
Mama mkwe akaongeza sauti ya redio.
Humo redioni walikuwa wanahesabu wagonjwa.
Sisi hatukuwa na homa, wala kikohozi.
Tulikuwa na nyumba tu.

Ndipo nikaanza kumtazama akinawa.
Ananawa asubuhi kabla hajagusa kitu,
ananawa akitoka kusimama barazani,
ananawa usiku wa manane,
sabuni ya mche imebaki kama ukucha.
Nikatoka na khanga yangu nimfokee:
dumu la maji unajua ni shilingi ngapi?
Hakugeuka.
Mabega yalikuwa yanamtikisika.
Koki ameifungulia ili tusisikie.

Sikumgusa. Nisiseme uongo.
Nilirudi ndani nikaihamisha chumvi,
nikaiweka chini, pembeni ya mafiga,
mahali mtu anapoifikia hata gizani.

Julai, upepo ule wa baridi unaokwaruza midomo,
simu ikaita: gari linapakia.
Nyemo akampa karatasi ya vitu anavyotaka,
herufi zote zimeinama kama mtama uliopigwa na upepo.
Akaisoma mpaka mwisho.
Akaikunja, akaiweka penye leseni.

Lori lilipokata kona nilishusha pumzi,
pumzi ndefu, ya miezi mitatu.
Halafu nikaionea aibu ile pumzi,
nikaangaza kama mama mkwe ameisikia.

Chumvi bado iko chini.
Wageni huuliza.
Nawaambia nimezoea.