Serini ya Sabini

Januari hii Leelo Raudsepp analala na simu kifuani,
maana jokofu la maabara likipita nyuzi nne
litamwamsha.
Humo, ndani ya matone madogo kuliko chozi,
mna fuwele. Zimechukua wiki sita kukubaliana.

Mto Emajõgi umeganda. Watoto wa Tartu wanauvuka kwa miguu.

Kimeng'enya alikitoa kwa bakteria,
bakteria walitoka kwenye damu ya mgonjwa namba kumi na tisa,
na namba kumi na tisa alikuwa Heldur, fundi saa,
baba yake.

Usiku picha zimerudi kutoka Hamburg:
madoa meusi, kama mchele uliomwagwa
na mtu mwenye mpango.
Hesabu zinayageuza kuwa umbo. Analizungusha kwenye skrini:
misokoto huku, misokoto kule,
kati yake tepe tano zimelala ubavu kwa ubavu kama ukili,
na pembeni, kishimo.

Nilidhani utakuwa na meno, anakiambia.

Hakina meno.
Kina serini ya sabini,
oksijeni moja iliyoinua kichwa.
Penisilini inaingia na pete yake ya pembe nne,
pete iliyokazwa kupita kiasi, kama kamani ya saa.
Serini inagusa. Pete inafyatuka.
Kwa kitambo wameshikana, dawa na mwenyeji wake,
huenda ndipo tungeshinda,
huenda,
lakini glutamati ya mia moja sitini na sita
inaita maji.
Maji tu! Molekuli moja, ya kunywa, ya kuogea,
inakata kilichowashika,
na dawa inatoka ikifanana na dawa.

Mara elfu kwa sekunde.
Bila hasira. Hilo ndilo linalomkera Leelo,
kwamba amekuja na chuki yake yote kutoka makaburini
na hapa hapana wa kuipokea.

Saa haijui ni saa ngapi, Heldur alikuwa akisema,
lenzi jichoni, pumzi ameibana.
Inajua kamani tu.
Na akisema pia: saa ya mnara
husimama kwa chembe ya vumbi,
ila vumbi lijue pa kukaa.

Saa tisa usiku. Anasogeza kishimo karibu, karibu zaidi,
anapima upana wa mlango wake.

Simu inalia. Nyuzi tano.
Anashuka ngazi na soksi.