Hesabu za Karani wa Norsjö

Kanuni ya manispaa: watoto ishirini, au shule ifungwe.
Tulikuwa nao kumi na saba.
Akaja Haidari na mkewe, na watoto watatu;
nikaandika ishirini, kalamu ikatulia.
Baba mtu akashika zamu za usiku,
akiwaogesha wazee wetu.

Mkutanoni Stenmark akanguruma:
chungu ni kimoja, vijiko vimezidi.
Hakuna aliyeuliza kuni huletwa na nani.

Barua ya uhamiaji ikafika Januari.

Sasa mjukuu wa Stenmark huamka saa kumi na moja,
basi, theluji, kilomita arobaini,
amelalia begi lake.
Nami nimebaki na mstari usiofungika:
kodi ya Haidari, ya Desemba,
imeingia jana.