Kumnyima Mwyar

Saa kumi na moja alfajiri namtoa malishoni,
umande bado u baridi, sukari ya majani imelala.
Wenzangu wa bonde hili la Welisi
hufungulia farasi wao jua likichomoza;
mimi ndio kwanza namrudisha wangu bandani.
Mwyar, nilimwita, tunda jeusi la miibani,
na kama tunda, amejaa, ana mviringo,
hajui neno "nimeshiba" tangu azaliwe.

Juni hii imekuja na joto la kigeni.
Mvua juma moja, jua juma la pili,
nyasi zikapanda, zikanona, zikang'aa,
kila mtu akasema: neema hiyo!
Neema. Mimi naitazama
kama mke atazamavyo chupa mezani pa mlevi.

Maana mwaka juzi sikujua.
Nilimkuta adhuhuri amesimama kama aliyekanyaga makaa,
miguu ya mbele ameinyoosha,
uzito wote ameutupa nyuma,
jasho shingoni, na hakuna aliyemkimbiza.
Nikaweka kiganja kwenye ukwato: moto, sufuria ya uji.
Nyuma ya kifundo mshipa unapiga, du, du, du,
kama mgeni mwenye habari mbaya mlangoni.

Idwal, fundi wa kwato, hakunilaumu.
Alichonga kidogo, akapuliza vumbi, akasema:
"Humu ndani mfupa umening'inia kwa nyama laini,
kurasa kwa kurasa, zimeshikana.
Utamu ukizidi, kurasa zinaachana."
Kisha akanywa chai yangu bila sukari.
Sijui kama alikusudia.

Basi sasa mimi ni bahili.
Nyasi kavu nazipima kwa mizani ya samaki ya marehemu baba,
nazilowesha kwenye beseni, saa moja, si zaidi,
joto hili huchachusha;
maji hutoka na rangi ya kutu, nayamwaga mbali na pua yake.
Uzio nausogeza hatua moja kwa siku.
Akitoka, namvika kikapu mdomoni,
kina tundu moja la kupitisha majani machache,
naye hunitazama kama nimemwibia urithi.
Jumapili nampima tumbo kwa utepe wa mshonaji,
namba naiandika kwa chaki mlangoni.
Imeshuka vidole viwili. Sikumwambia mtu,
nilicheka peke yangu na ndoo mkononi.

Leo jioni Bi Gwladus amekuja na mfuko wa matofaa.
"Maskini, unamtesa," akasema,
"mnyama anaona kijani, wewe wamfunga kinywa!"
Nimemjibu mara ngapi, mwaka huu na ule?
Safari hii nilimshika mkono,
tukainama wote, magoti yakilia,
nikaviweka vidole vyake viwili nyuma ya kifundo.
"Unasikia nini?"
Akangoja. Nzi wakapita. Akasogeza vidole, akangoja tena.
"Sisikii kitu."
"Hicho ndicho ninachoamkia."

Matofaa tuliyala sisi wawili, juu ya marobota,
tumempa Mwyar kisogo,
naye nyuma yetu, kwa hasira,
akiipiga ndoo teke baada ya teke
kwa mguu mzima, mzima kabisa.