Daftari la Jabia

Tarehe kumi na tisa Juni, pesa zimefika.
Nimeandika kwa wino mweusi, nikarudia kwa mwekundu,
maana miaka mitatu safu hii nimekuwa nikiijaza neno moja: bado.
Milioni mbili, laki sita na arubaini elfu,
za kuziba ufa wa jabia la Ndau.
Zisipotumika kufikia tarehe thelathini, yasema barua,
zitarudi zilikotoka.

Jabia limejaa.
Masika ya mwaka huu hayakutubania.
Maji yamefika alama ya saba, pale Sharutu
alipochora samaki kwa msumari alipokuwa mtoto wa chuoni.
Ufa uko alama ya pili.
Fundi kutoka Faza aliinama, akachungulia,
akasema nililojua atasema:
saruji haishiki penye maji.

Basi hesabu ni hii.
Tukitaka pesa za maji, tumwage maji.
Tukitaka maji, turudishe pesa,
na ufa uendelee kunywa pamoja nasi,
ndoo kumi na nne kila usiku, nimepima kwa kamba,
mgeni asiyeshiba wala kuaga.

Kikao tulikifanya ukingoni mwa jabia lenyewe.
Lali Bunu alisema: serikali haijui masika,
inajua Juni.
Mwanashee alisema: kiu nayo haijui Juni.
Wakabishana hadi adhana ya alasiri.
Mimi nilikuwa nahesabu vyombo.

Mapipa ya msikiti, manne.
Mitungi ya arusi ambayo hatujairudisha, sita.
Mashua ya Kupi, imepigwa kalafati juzi, ingali juu ya magogo:
safari hii maji yakae ndani, nje pawe pakavu.
Sufuria za matanga. Beseni la mkunga.
Hayakufika hata nusu.

Ndipo kitinda mimba wa Mwanashee akanyosha kidole upande wa jaa.

Jaa letu halimo katika barua ile.
Kwenye fomu, penye neno taka, wamepiga kistari.
Chupa za plastiki, za bahari, za wageni,
na zetu pia, tusisingizie watu,
zimelala pale tangu kabla sijaolewa.
Siku nne tulizisugua kwa mchanga na majivu,
tukazisuuza, tukazinusa, tukazitupa zenye harufu ya mafuta ya taa.
Zilizofaa: elfu nne, mia moja na tisa.
Niliandika na ile tisa.

Tarehe ishirini na sita jabia lilikuwa tupu.
Tuliiona sakafu yake. Kandambili moja ya kushoto.
Kata ya kifuu iliyopotea mwaka wa arusi ya dada yangu,
tukamshuku jirani, tukaacha kusemezana naye.
Na ufa wenyewe, mwembamba
kama uzi wa kushonea kofia.

Fundi akapiga lipu.
Afisa alifika tarehe ishirini na tisa,
akalipiga picha jabia likiwa kavu, akaandika: limekamilika.
Kisha akatazama huku na huku.
Jaa nalo mmelisafisha! Taka mmezipeleka wapi?
Mwanashee akamjibu: zi chini ya vitanda,
tunazinywa moja moja.
Akacheka. Hakuandika.

Sasa ni Septemba.
Lipu haina ufa, na jabia halina maji.
Tunaoga ya kisima, yenye chumvi, ngozi inachuna.
Kila asubuhi napita nyumba kwa nyumba na kalamu
nikifuta chupa zilizokwisha.
Zimebaki elfu moja na hamsini.

Safu ya mwisho nimeipiga mstari mwenyewe, haimo kwenye fomu:
nani kamkopesha nani.
Lali Bunu kwa Mwanashee, chupa kumi na moja.
Hajadai.
Mimi kwa jirani yule wa kata, tatu.
Nimezifuta usiku, kabla hajaamka kuja kulipa.

Leo wingu moja limepita upande wa Kiwayu.
Nimefungua daftari, nikakaa na kalamu.
Sijui safu ipi.