Kijiko cha Chumvi

Ijumaa, kidato cha tatu, Moshi mjini,
mlima umejifunika kama mtu mwenye deni.
Nimekata ncha ya mzizi wa kitunguu,
nikaitia rangi, nikaibana chini ya kioo
kwa dole gumba, polepole, kama akamuaye jipu la mtoto.

Aikaruwa anafumba jicho moja.
"Mwalimu, seli inajuaje kwamba imetosha?"

Swali la mwaka mzima, na kengele dakika tano.

Nikamwambia: tia kijiko kimoja cha chumvi sufuriani,
kisha ongeza maji, ongeza.
Chumvi ni ile ile, ila ulimi unaisahau.
Ndani ya seli mna protini ya kukataza,
kazi yake kusema bado, bado, bado.
Seli inakula, inanenepa,
ile bado inazimuliwa mpaka haisikiki.
Hapo nyuzi hunakiliwa, jozi huachana,
na ukuta mchanga huota katikati
kama mstari wa masale.

"Na zikigawana vibaya? Moja ikitoka ndogo?"

Chumvi hupewa sawa, mwanangu.
Ndogo, kwa maji yake machache, huionja kali,
basi hungoja zaidi, hula zaidi.
Hakuna anayeicheka.

Kengele.

Jumamosi, Mwika, kihamba cha baba.
Melkizedeki ameshika kamba,
Proches panga na miche ya masale.
Babu alikuwa na ekari nne. Baba alipata mbili.
Leo wanaume watatu.
Kamba inapita juu ya kahawa,
inafika kaburini, inakunja kona kwa adabu.
Mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa;
binti hahesabiwi, lakini anaruhusiwa kutazama,
na kutazama ndiyo kazi niliyosomea.

Sikumwambia Aikaruwa habari za chura wa mfongoni:
yai lake halingoji kukua.
Mbili, nne, nane, kumi na sita,
bila tonge hata moja,
kila seli nusu ya mama yake,
mpaka kiini kinakosa pa kugeukia chumbani mwake
ndipo mwendo unapungua.

Proches anachimba. Mche wa kwanza umesimama,
umeinama kidogo upande wa Melkizedeki.
Wanabishana kwa hatua moja ya mguu. Mguu wa nani?

Mama analeta mtori.
Naonja. Chumvi imezidi.
"Niongeze maji?" anauliza,
na chungu kimejaa hadi ukingoni.