Mguu wa Kuvua Viatu

Ulikuja kutoka ng'ambo ndani ya sanduku,
umezungushiwa nailoni kama samaki wa barafu,
rangi yake si ya mtu yeyote ninayemjua hapa Wete.
Nikamvalisha Shaame. Nikakaza skrubu tatu.
Akatembea hadi dirishani, akarudi,
nikaandika daftarini: umekaa.

Siku ya nane kaingia kwa magongo,
mguu kautia kwapani, kaulaza mezani.
"Bikombo, huu mguu haujui hodi."

Una nini?

"Umezaliwa na kisigino cha kiatu.
Barabarani hatugombani.
Lakini nikivua kizingitini
papo hapo unanivuta nyuma,
kama mtu anikataza nisiingie kwangu.
Wiki nzima naswali juu ya kiti. Mie!
Niliyekuwa nikipanda mkarafuu hadi kishungi,
tawi likinikabidhi kwa tawi,
mpaka moja lilipokosa adabu."

Nilikuwa nimepima kigutu, paja, goti, kilo zake.
Sikupima mkeka.

Basi tukashuka sakafuni, mimi na yeye.
Nikamwambia, nionyeshe nyumba yako kwa mwili.
Akanionyesha anavyoketi penye sinia,
anavyochutama chooni,
anavyojikunja kuchambua makonyo
huku mjukuu kamwegemea ubavuni.
Kila alipogusa chini nikatia chaki,
sakafu ikawa ramani ya mtu mmoja.

Wayo wa kwanza, raba ya tairi la Vespa, ulipasuka.
Wa pili ulilia kama bawaba,
msikitini watu wakageuka.
Wa tatu nikauchonga bapa, mpana, wa kwenda peku,
na goti nikalifungua likunjike hadi mwisho.

"Nitilie vidole," akasema.
Vidole havibebi uzito, Shaame.
"Najua. Lakini maji ya udhu yapate pa kupita."
Sheikh si alikwambia si lazima?
"Mie sikuulizia lazima."

Nikakaa na patasi mpaka laasiri,
mianya minne, midogo, isiyo na hesabu
katika kitabu chochote nilichosomeshwa.

Alipoondoka hakuaga vizuri;
alikuwa akiutazama mguu, si mimi.
Na daftarini sikuandika kitu,
maana Mize keshafika, haoni,
na fimbo niliyompa anasema
inamwambia habari za ukuta
baada ya ukuta wenyewe.

Jioni nafunga karakana.
Mlangoni pana viatu, jozi nzima.
Kavisahau.