Ritifaa

Tovuti ya Bi Somoe ina siku kumi na tisa.
Nimeijenga mwenyewe, chumbani, Newala,
kwa bando la usiku na feni mbovu:
picha ya sufuria, picha ya ungo,
namba ya simu, bei ya kisado.
Wageni waliofika: wawili.
Mmoja ni mimi.
Wa pili pia ni mimi, kwa simu ya dada.

Nalinga, aliyesomea mambo haya Mtwara mjini,
akaniambia: nyumba unayo, njia huna.
Tafuta maneno. Watu hawaji kwa uzuri wa mlango,
wanakuja na neno walilonalo mdomoni.

Nikaandika ming'oko.
Mashine ikalivunja pale penye ritifaa
kama mtu avunjavyo muhogo gotini,
huku ming, huku oko,
kisha ikaniuliza, kwa adabu, kama nilikusudia mikoko.
Nikaondoa ritifaa. Mingoko.
Sasa neno linapita, ila halina pua;
huku kwetu hakuna anayelitamka hivyo
labda akiwa na mafua.

Viazi pori: watu kumi kwa mwezi.
Vyakula vya asili: elfu nane, lakini hao
wanataka kupunguza tumbo,
wanataka mlonge, wanataka tangawizi,
watapita kibarazani bila hodi.
Korosho nililitamani. Korosho lingeleta umati.
"Mimi nauza korosho?" aliuliza Bi Somoe,
hata hakugeuka.
Nikalifuta.

Jumamosi akanipeleka porini,
amechoka kuutazama mgongo wangu ulivyopinda.
Jembe dogo, kiroba, chupa ya maji.
Mng'oko hauonekani. Juu ipo kamba tu,
nyembamba, imejisokota kwenye mti usio wake,
majani yamekwisha kupukutika;
unaifuata kwa vidole mpaka inapozama,
na hapo ndipo unapiga magoti.
"Usianze na mzizi," alisema, "hujui ulipo.
Anza na kilichobaki juu."
Shimo la kwanza akakosa. La pili akakosa.
La tatu lilikuwa la panya, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Usiku ule sikuuliza tena kitu kinaitwaje.
Niliuliza: aliyesahau jina, amebaki na nini?
Nikaandika kama wao, vibaya, makusudi:

    mizizi flani mitamu wanachemsha kusini
    ile kitu ya kwenye ndoo stendi ya masasi
    mzizi mwembamba unamenya kwa vidole unachovya chumvi
    bibi alikuwa anatupikia nini likizo newala

Hili la mwisho nililiona la kijinga.
Nani atauliza mashine habari za bibi yake?
Nikaliacha, kwa uvivu wa kufuta.

Siku ya ishirini na sita, saa tatu usiku, simu ikaita.
Mwanamume, yuko Kahama, analinda ghala la mtu.
Hakusalimu sawasawa.
"Linaitwaje?"
Nikamwambia. Akanyamaza
nikadhani salio limekwisha.
Kisha akalirudia, ng' imekaa mahali pake,
kule nyuma, ambako kalamu haifiki
ila kwa kale kamkia kadogo hewani.
Akalisema tena, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa naye,
kama anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji.
Akashukuru. Akakata.

Bi Somoe alikuwa anapanga vijiti chini ya sufuria.
"Amechukua visado vingapi?"
"Hakuchukua."
"Alitaka nini basi?"
"Jina."

Akafunika kwa majani, akaweka kifuniko,
akakitafutia jiwe la kukikandamiza.
"Na wewe," akasema, "ukampa bure."